Siku ya Thelathini

Kovu la tumbo lililopasuliwa kwa dharura lina njia yake. Huanza chini ya kifua, hushuka katikati moja kwa moja, likifika kitovuni hukwepa pembeni kidogo, kisha hurudi kwenye mstari na kuendelea chini. Kandokando mna alama za nyuzi. Pengine kipande kimoja cha kovu ni chembamba na kimenyooka, na kipande kingine ni kipana, ngozi yake imevutika na inang'aa. Hapo kidonda kilifumuka, usaha ukatoka, kikaachwa wazi kipone polepole kutoka ndani. Mwenye ujuzi akiliona kovu la namna hiyo huisoma habari yote bila kuuliza. Kile kipande chembamba ni kazi ya saa mbili za daktari mwenye kisu. Kile kipana ni wiki nzima nzima za kubadilisha bandeji, za homa ya jioni, za ndugu wanaozunguka mji wakitafuta faranga. Sehemu ndogo tu ya kovu ilichorwa siku ya operesheni.

Nasi tumezoea kuihesabu siku hiyo peke yake. Simu inalia Kalebuka au Luwowoshi, kartie za Lubumbashi, usiku wa manane: amepasuliwa, ametoka salama, tumshukuru Mungu. Kushukuru ni haki, ila habari yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Ninachodai hapa ni kwamba tumbo lililofunguliwa kwa dharura huponea au hufia mahali pawili ambapo daktari mwenye kisu hayupo: katika saa zilizotangulia mlango wa hospitali, na katika siku zinazofuata chumba cha upasuaji. Na mahali pote pawili, katika Kongo yetu, anayeamua mwendo ni mfuko wa jamaa. Tukitaka watu wafe wachache zaidi, tuanze na mfuko huo kabla ya kuanza na kisu.

Tutazame kwanza zile saa za kabla. Komini ya Annexe imeizunguka Lubumbashi pande zote. Komini nyingine sita, yaani Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi, ziko katikati yake. Annexe ndiko uliko uwanja wa ndege wa Luano, na huko Kasapa kuna kampasi ya Chuo Kikuu, na kuna gereza. Ndiko pia ziliko kartie zinazoongezeka kila kiangazi, watu wakifyatua matofali na kupandisha kuta kabla bomba la Regideso, shirika la maji, halijafika. Anayejenga huchimba mara mbili katika kiwanja kimoja: kisima, na choo. Mvua za Novemba zikianza, maji ya ardhini hupanda, na vitu viwili vilivyotenganishwa kwa mita chache hukutana chini kwa chini. Kijidudu cha tifoidi hakidai zaidi ya hapo. Huingia na maji ya kunywa, hukaa karibu na mwisho wa utumbo mwembamba, na homa isipotibiwa sawasawa, mara nyingi katika wiki ya tatu, huutoboa utumbo. Uchafu humwagika mahali pasipopaswa kuingia hata hewa, na utando unaofunika matumbo huanza kutunga usaha. Madaktari huita hali hiyo peritoniti.

Tunajua jambo hili hufika wapi likiachiwa. Kinshasa, kati ya tarehe 1 Oktoba na 10 Desemba 2004, Wizara ya Afya iliandikisha wagonjwa 615 wa peritoniti iliyoletwa na tifoidi. 134 walikufa, zaidi ya mmoja katika kila watano. Miaka michache baadaye, huko Kasese upande wa Uganda, jirani kabisa na mpaka wetu, mlipuko mwingine wa tifoidi uliandikwa kwa sababu ya wingi wa matumbo yaliyotoboka: 249 kati ya wagonjwa 577, na waliofariki 47. Mtu akizisoma hesabu hizo akadhani ni habari za upasuaji, amekosea njia. Ni habari za maji. Kisu hapo kinaitwa kusahihisha kosa la bomba. Yapo magonjwa mengine ambayo hayana udugu na kisima, kama kidole tumbo, ngiri iliyokwama, utumbo uliojisokota, kidonda cha tumbo kilichopasuka, mimba iliyotunga nje ya kizazi. Nayo yote hukutana na tifoidi kwenye mlango uleule, saa ileile mbaya.

Ngoja-ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, na ni mara chache methali ikawa kweli hivyo hata katika nyama na damu. Fikiria mwendo wenyewe. Maumivu yanaanza mchana. Mgonjwa anapewa dawa ya minyoo, au majani ya kuharisha, maana tumbo likiuma watu hudhani linataka kusafishwa. Usiku linakuwa gumu kama ubao. Jamaa wanakaa kikao. Barabara ya kartie imejaa matope, taksi haingii, anatafutwa manseba mwenye pikipiki, na mtu mwenye usaha tumboni anapandishwa kati ya watu wawili. Kituo cha afya cha karibu hakina wa kupasua; kinatundika seramu na kuandika barua ya kumpeleka mbele. Mbele kunaulizwa amana. Baada ya amana inatoka karatasi: glovu, nyuzi, dawa ya usingizi, antibiotiki, mifuko ya seramu. Ndugu mdogo anakwenda nayo duka la dawa, anakuta hela zinatosha nusu, anarudi, simu inauzwa. Kila hatua ina sababu yake, na hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa. Ndiyo maana hakuna anayebadilika. Wakati huo moyo wa mgonjwa unakimbia, shinikizo la damu linashuka, figo zinaacha kutoa mkojo. Daktari anapofungua hatimaye, anakuta lita za usaha na mwili uliokwisha kutumia akiba yake yote.

Haya si maneno ya huzuni tu, yana hesabu. Katika nusu ya pili ya mwaka 2014, hospitali 357 katika nchi 58 zilikubaliana kuwafuata wagonjwa waliopasuliwa tumbo kwa dharura mpaka siku ya thelathini. Walikuwa 10,745, na matokeo yakatolewa mwaka 2016 kwa jina la GlobalSurg. Katika nchi zenye maendeleo ya juu walikufa 4.5 katika kila 100. Katika nchi za chini walikufa 8.6. Wagonjwa walipolinganishwa wenye hali na magonjwa yanayofanana, hatari ya yule wa nchi maskini ilikaribia mara tatu. Lakini tarakimu inayonishughulisha mimi ni ya katikati. Ndani ya saa 24 za mwanzo, nchi za chini zilipoteza 3.4 katika kila 100, na nchi za juu 1.1. Hiyo 3.4 naisoma, kwa sehemu kubwa, kuwa bei ya kuchelewa: mtu aliyefikishwa mezani akiwa karibu kwisha. Kisha uitoe kwenye 8.6, zinabaki 5.2. Maana yake, zaidi ya nusu ya vifo vilikuja baada ya usiku wa kwanza, simu ya shukrani ikiwa imekwisha kupigwa. Na tusisahau kwamba hospitali zilizojitolea kuhesabu ni zile zenye mtu wa kuhesabu. Kule ambako daftari lenyewe halipo, hatuna sababu ya kudhani mambo ni mema zaidi.

Mtu makini atapinga: hata kwa matajiri watu hufa kwa ugonjwa huu. Ni kweli. Uingereza na Wales walipoanzisha ukaguzi wa kitaifa wa laparotomia za dharura, yaani upasuaji wa tumbo, walikuta karibu wagonjwa 12 katika kila 100 wanafariki ndani ya siku 30, wakiwa na mashine zao zote. Kwa juujuu idadi hiyo inapita yetu, na ipo hatari ya kujifariji nayo. Ila wagonjwa wao wengi ni wazee, wenye saratani, wenye mioyo iliyochoka. Wetu ni vijana. Utafiti wa matokeo ya upasuaji Afrika, ulioongozwa kutoka Cape Town na Profesa Bruce Biccard na kuchapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet, ulifuata wagonjwa 11,422 wa upasuaji wa kila namna katika hospitali 247 za nchi 25; wastani wa umri ulikuwa miaka 38 na nusu. Walikuwa na magonjwa mengine machache kuliko wagonjwa wa mabara mengine, na bado walikufa mara mbili ya wastani wa dunia. Wenzetu wanazika babu, sisi tunazika baba ambaye watoto wake hawajamaliza shule ya msingi. Na Waingereza, baada ya kujihesabu miaka kadhaa, wakaona idadi yao inashuka hadi kati ya 9 na 10 katika kila 100. Sisemi kuhesabu peke yake ndiko kulikoponya. Nasema hawakuweza kuanza kabla ya kuhesabu.

Katika utafiti huo wa Afrika mna tarakimu moja ambayo ningependa ibandikwe ukutani kwenye kila wadi: katika kila vifo 100, vifo 94 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Chumba cha upasuaji, ambacho ndicho kinachoogopwa na ndicho kinachopigwa picha wafadhili wanapokuja, karibu hakiui mtu. Wadi ndiyo inayoua, saa tisa za usiku, muuguzi mmoja akiwa na vitanda vingi, umeme umekatika, na mshono wa utumbo umeanza kuvuja bila mtu kujua. Dalili huwa ndogo mno mwanzoni: pumzi zinakwenda haraka kidogo, mgonjwa hataki tena kuongea, mkojo umepungua. Mama au dada anayelala sakafuni kando ya kitanda ndiye mara nyingi huziona kwanza, lakini hajaambiwa kwamba hizo ni dalili.

Waliopasua matumbo zamani katika nchi zetu za maziwa makuu walilijua hili. Mwaka 1879 huko Kahura, katika Bunyoro, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga akimpasua mwanamke ili kumtoa mtoto, akaandika habari hiyo miaka mitano baadaye katika jarida la madaktari la Edinburgh. Watu hupenda kusimulia habari za pombe ya ndizi aliyopewa mama ili alewe, ambayo pia ilioshea mikono ya mganga na tumbo la mgonjwa. Husimulia chuma cha moto kilichozuia damu, na pini saba za chuma zilizofunga jeraha. Mimi navutwa na kile kinachofuata. Dawa ya mizizi ilipakwa, majani yakafunika, bandeji ikakazwa. Kidonda kikatazamwa, pini zikaondolewa kwa awamu, na Felkin akaandika joto na mapigo ya damu siku baada ya siku, mpaka siku ya kumi na moja jeraha likawa limefunga. Tunajua kwamba yule mama alipona kwa sababu tu kuna watu waliobaki kando yake, na mmoja wao alikuwa na kalamu. Angeondoka baada ya mshono wa mwisho, leo tungekuwa na kioja cha kusimulia, bila matokeo.

Hapa lipo pingamizi zito kuliko yote, nalo limetoka kwa watu walewale wa Cape Town. Baada ya kuona kwamba vifo viko wadini, walirudi na jaribio kubwa katika nchi 28 za Afrika: wagonjwa wenye hatari walazwe karibu na meza ya wauguzi, wapimwe mara nyingi zaidi, ndugu waruhusiwe kukaa nao, karatasi ya maelekezo iwekwe kando ya kitanda. Matokeo yalitoka mwaka 2021, na vifo havikupungua. Je, hoja yangu imeanguka? Naona imenyooshwa. Jaribio lile liliongeza macho, halikuongeza mikono. Muuguzi yuleyule aliambiwa atazame mara nyingi zaidi, na akiona hatari alirudi kwenye ukosefu uleule: hakuna antibiotiki ya pili mpaka jamaa wanunue, hakuna damu mpaka ndugu apatikane wa kutoa, hakuna kurudi mezani mpaka deni la mara ya kwanza lizungumzwe. Kuona bila kuweza ni mateso tu. Kwa hiyo siku za baada hazihitaji jicho peke yake. Zinahitaji dawa na operesheni ya pili zilizokwisha kulipiwa kabla hazijahitajika.

Na wakati mwingine kinachotakiwa ni kidogo kiasi cha kuona haya. Jaribio jingine, lililofanyika katika hospitali 81 za nchi saba zikiwemo Rwanda, Benin na Nigeria, liliuliza swali la kawaida kabisa: ikiwa timu itabadilisha glovu na kuchukua vyombo safi kabla tu ya kufunga tumbo, nini kitatokea? Katika wagonjwa zaidi ya 13,000, vidonda vilivyooza vilishuka kutoka 18.9 hadi 16.0 katika kila 100. Kwa kubadilisha glovu na vyombo. Tena si mara ya kwanza kwa jambo jepesi kushinda: Ifakara, Tanzania, ilikuwa moja ya sehemu nane duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kusoma kwa sauti kabla ya kupasua na kabla ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba katika sehemu hizo nane kwa jumla vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila 100. Lakini irudishe ile glovu Lubumbashi. Pale ambapo glovu imo kwenye karatasi ya ndugu mdogo aliyeuza simu, jozi ya pili ni ya nani? Daktari anajua inavyopasa. Anaangalia kifurushi kilicholetwa, anaona jozi zilizomo, anafunga tumbo kwa zile alizovaa. Ushahidi wote wa majarida makubwa unaishia hapo.

Wengine husema shida ni uchache wa madaktari, na hawakosei. Utafiti wa 2018 ulikuta katika nchi zile mabingwa 0.7 kwa kila watu 100,000, wapasuaji, madaktari wa uzazi na wa usingizi wakihesabiwa pamoja, ilhali Tume ya The Lancet ya mwaka 2015 iliona panahitajika angalau 20. Hospitali kubwa ya Lubumbashi ina jina la Jason Sendwe, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1964, ambaye ukoloni haukumpa shule ya kumfanya daktari, akatumikia kama muuguzi. Jina lile lingetosha kutukumbusha kwamba ukosefu huu una wenyewe. Wafundishwe wengi zaidi, ndiyo. Ila kumfundisha mpasuaji ni kazi ya zaidi ya miaka kumi, na bingwa mpya akisimama leo mezani atamkuta mgonjwa yuleyule aliyechelewa na kifurushi kilekile kisichotosha.

Wengine hulaumu waganga wa majani na vyumba vya maombi. Mficha maradhi kilio humuumbua, kweli, na yupo mtu aliyekufa akiombewa huku utumbo umetoboka. Lakini tuwe waadilifu. Chumba cha maombi kiko wazi usiku kucha, kiko mwendo wa miguu, hakidai amana mlangoni, na hakimzuii mtu kurudi kwao kwa sababu ya deni, jambo ambalo hospitali nyingi za nchi hii hulifanya. Anayejua kwamba jirani yake alipona akawekwa wadini kwa wiki kadhaa mpaka ukoo uchange, huyo akingoja asubuhi kabla ya kwenda, hajakosa akili. Amepiga hesabu. Tukitaka apige hesabu nyingine, tubadilishe tarakimu.

Na inawezekana, maana tumeanza. Septemba 2023 serikali ilizindua Kinshasa mpango wa uzazi bila malipo, upasuaji wa kujifungulia ukiwamo. Ni uamuzi mwema, pamoja na matatizo yake yote ya kulipa hospitali kwa wakati. Lakini utazame kwa makini: mwanamke ambaye tumbo lake linafunguliwa ili mtoto atoke anaweza kutazamia kulipiwa na dola; lakini mwanamke yuleyule, mwaka unaofuata, tumbo likifunguliwa kwa sababu kisima cha kiwanja chake kimelitoboa, anarudi kwenye mfuko wa jamaa. Meza ni ileile, kisu kilekile, mara nyingi hata daktari ni yuleyule. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2006 kinahakikisha haki ya afya, na cha 48 haki ya maji safi, bila kubagua kilichosababisha mtu apasuliwe. Hakuna hoja ya kitabibu inayotenganisha matumbo hayo mawili.

Basi ombi langu kwa wanaosimamia afya Haut-Katanga ni fupi. Operesheni ya tumbo ya dharura iingizwe katika mpango uleule wa uzazi, kuanzia amana ya mlangoni mpaka kurudi mezani mara ya pili, glovu za kufungia zikiwemo. Na kila hospitali inayopasua iwe na daftari lenye safu moja ya ziada, itakayojazwa siku ya thelathini kwa kupiga simu Kalebuka, Luwowoshi, Kasapa: yu hai, amefariki, hajulikani. Wewe msomaji, kwa upande wako, jamaa akipatwa na tumbo gumu, homa na kutapika, usimpe chakula wala majani ya kuharisha. Mpeleke usiku huohuo.